Beki wa Kulia Hakuwa na Kosa

Ninyi mnaoanza ukocha sasa mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Nawaona viwanjani Jumamosi na tableti zenu, wachezaji wamevaa vizibao vyenye kidude mgongoni kinachohesabu mbio zao, na kamera inazunguka juu kama nzi mkubwa. Siwacheki. Ningekuwa na kamera ile mapema, huenda nisingekuwa na haya ya kuwaandikia. Lakini lipo jambo moja nililolijua nikiwa nimeshastaafu, magoti yamekwisha, asubuhi ya Jumatano moja sebuleni kwa binti yangu hapa Quakers Hill, Sydney, chai imepoa mkononi. Jambo hilo limenishangaza mpaka leo, na limeniaibisha pia.

Mimi nimefundisha mpira kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianzia Tabora kwenye timu ya karakana ya reli, nikamalizia Sydney kwenye timu ya watu wetu: Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania wachache. Mchana nilikuwa ghalani Minto nikipanga mizigo, jioni nilikuwa uwanjani na filimbi. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Ukocha nilifundishwa na mwalimu wa hesabu.

Jina lake Mwalimu Kapinga. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuwahi kupiga mpira mbele yetu hata mara moja. Siku yangu ya kwanza kama msaidizi wake aliniambia, "Festo, geuka. Upe uwanja mgongo." Nikageuka, mechi inaendelea nyuma yangu. "Sasa niambie nani ana mpira." Nilidhani ananitania. Akaniweka hivyo dakika kumi, na kesho yake kumi nyingine. Baada ya wiki tatu nilianza kusikia: kiatu cha winga kinavyogonga ardhi haraka haraka, mabeki wanavyoitana, kipa anavyoanza kupandisha sauti. Halafu siku moja nikasikia kimya. Hakuna aliyemwita mwenzake. Nikasema, "Mwalimu, tunafungwa sasa hivi." Kabla sijafunga mdomo, tulikuwa tumefungwa. Mwalimu Kapinga alicheka tu, akasema, "Macho yanafuata mpira. Masikio hayana pa kukimbilia."

Lifanyeni hilo. Halihitaji betri.

Jambo la pili alilonifundisha ni kamba. Aliwafunga mabeki wanne kiunoni kwa kamba moja, hatua nane kati ya mtu na mtu, wakatembea uwanja mzima mbele na nyuma, kushoto na kulia, bila kamba kulegea wala kukaza. Hiyo ndiyo siri ya mtego wa kuotea. Mabeki wote wakipanda pamoja, mshambuliaji wa wapinzani anabaki peke yake nyuma yao na mwamuzi anapiga filimbi. Mmoja akibaki hatua mbili tu, mtego wote umekufa.

Hapa Sydney sikuwa na kamba, nikachukua ukanda wa plastiki tunaofungia mizigo ghalani, kwa ruhusa ya msimamizi, nikawafunga vijana wangu wanne. Siku ya kwanza Mrundi wetu mmoja alikanyaga tope akaanguka, akawaburuta wenzake watatu wakalundikana kama magunia. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama, akatoa simu, akawapigia watu wa halmashauri kwamba kuna mzee anawafunga watu kamba kwenye bustani. Walikuja kweli. Otieno, kipa wetu, Mkenya anayefanya kazi ya unesi, ndiye aliyewaeleza kwa Kiingereza kizuri, huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo akaniita "Kocha wa Kamba," na mpaka leo hajaacha.

Aliyekuwa hodari kuliko wote kwenye ukanda ule ni Bahati. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Uvira, beki wa kulia. Alikuwa haongei sana. Ukimfunga na wenzake, ukanda hauchezi, kana kwamba anawahesabia hatua moyoni. Kumbukeni hilo, maana mimi nililisahau siku niliyolihitaji.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya kombe la jamii zetu. Tulikuwa sare bao moja kwa moja, zimebaki dakika chache. Mabeki wangu walikuwa wamepanda vizuri, karibu na duara la kati. Kiungo wa wapinzani akapata mpira. Nikamwona mshambuliaji wao ananyemelea mgongoni kwa Bahati, nami nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Nyuma! Nyuma!" ili nimwonye kwamba kuna mtu. Bahati akarudi hatua mbili. Mpira ukapita juu, mshambuliaji akaukimbilia, na kwa sababu Bahati alikuwa amebaki chini ya wenzake, hakukuwa na kuotea. Tukafungwa, na kombe likaenda.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, vijana wote wakiwa wamekaa na baba yake Bahati amesimama mlangoni, nilisema maneno haya, na ninayaandika kama yalivyotoka: "Kombe hili limeondoka na miguu ya mtu mmoja. Bahati, umetufungisha."

Bahati alifungua viatu vyake, akaviacha chini ya benchi, akatoka na soksi. Wiki iliyofuata alikuwa ameitwa kufanya majaribio kwenye timu kubwa ya hapa mjini, mchezaji wa kwanza kutoka kwetu kuitwa. Hakwenda, wala hakurudi kwetu. Vile viatu, wiki mbili baadaye, nilimpa mchezaji mwingine aliyekuwa na namba hiyo hiyo. Ndivyo nilivyokuwa.

Imepita miaka kumi na sita.

Sasa niwarudishe kwenye Jumatano ile. Mnajua kwamba mechi za usiku kule Ulaya hapa kwetu huangukia asubuhi. Saa moja nilikuwa nimeshakaa. Majina ya timu siyataji, maana nusu yenu mtaacha kusoma na kuanza kubishana. Walikuwepo weupe na wekundu, kwa rangi za jezi zao. Weupe ndio waliotazamiwa kushinda, na kwa saa nzima walicheza mpira wa kukufanya ukae mbele kwenye kiti. Mabeki wao walisimama karibu na mstari wa kati, na wakipoteza mpira watatu wanamrukia mwenye nao kabla hajainua kichwa. Walikuwa wanaongoza bao moja.

Dakika ya sabini na nne, kiungo wa wekundu akaubetua mpira juu ya mabeki. Mshambuliaji wao akabaki na kipa. Bao. Dakika ya themanini na moja likaingia jingine, kama pacha wa lile la kwanza. Marudio yakaonyesha wazi: mara zote mbili beki wa kulia wa weupe alikuwa amerudi hatua mbili, wenzake watatu wako juu, naye amemfanya mshambuliaji asiotee.

Nikapiga paja. "Umewafungisha!"

Binti yangu Anjela alikuwa anafunga viatu aende kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunza wazee. "Baba, unabishana na televisheni tena? Imekujibu?"

"Beki wa kulia, Anjela. Hatua mbili tu!"

"Huyo beki wa kulia wako naye," akasema, "hakosekani kila mechi." Akatoka.

Nina desturi. Baada ya kila mechi kubwa ninarekodi sauti kwenye kundi la simu la wachezaji wangu wa zamani, niwaeleze kwa nini timu imefungwa. Nikarekodi dakika nne nzima. Mtego wa kuotea ni kamba, nikasema. Beki mmoja mzembe anaiua timu ya watu kumi na moja. Otieno akajibu upesi kama kawaida: "Kocha wa Kamba ameamka na hasira leo! Huyo beki ajifiche, wasee." Wengine wakatuma vicheko.

Kisha likaja jibu kutoka namba ambayo haikuwahi kuandika neno tangu kundi lianze. Lilikuwa la Bahati, ambaye Otieno alikuwa amemwingiza kundini.

"Kocha, rudisha nyuma. Angalia ule mwenye alikuwa na mpira. Nani alimukimbilia?"

Hakuongeza kitu. Kundi zima likanyamaza, na ninyi mnajua nasema nini ninaposema kimya.

Nikachukua kidude cha televisheni, nikarudisha nyuma. Safari hii sikumtazama beki, nilimtazama yule kiungo mwekundu mwenye mpira. Ana muda. Kichwa chake kiko juu. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na hakuna mweupe aliyemfikia. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi yetu. Mabeki wanaweza kupanda juu ikiwa tu mwenye mpira amebanwa. Akiwa huru, akiwa ameinua kichwa, wote wanne wanatakiwa kurudi, tena haraka. Yule beki wa kulia ndiye peke yake aliyeliona hilo. Yeye ndiye aliyefanya sawa, na wale watatu walioganda juu ndio waliokosea. Mimi na marudio yangu tulikuwa tumemhukumu mtu pekee aliyekuwa macho.

Nikajiuliza nani alipaswa kumbana yule kiungo. Ni winga wa kushoto. Nikarudisha nyuma kumtafuta. Nikamkuta ameinama, mikono magotini, anahema. Amechoka kwa nini, na mwenzake wa kulia bado anaruka? Nikarudisha nyuma tena, mpaka kipindi cha kwanza. Nikaona kwamba upande wa kushoto wote, tangu goli hadi goli, alikuwa anaukimbia peke yake, kwa sababu beki wa kushoto, anayetakiwa kumsaidia, alikuwa amehamia katikati kucheza kama kiungo. Nani alimhamishia huko? Nikarudisha nyuma tena. Dakika ya tisa, kamera inampita kocha wa weupe pembeni, amenyoosha mkono, anamwashiria beki wa kushoto: ingia ndani.

Nikaacha picha imesimama pale pale, mkono wa kocha uko hewani.

Vijana, nimeona mengi. Nimeona mpira ukichezwa kwenye mvua ya mawe, nimeona kipa akidaka penalti tatu mfululizo. Lakini sijawahi kushikwa na butwaa kama asubuhi ile. Bao la dakika ya sabini na nne lilikuwa limezaliwa dakika ya tisa. Lilikuwa linatembea uwanjani saa nzima mbele ya macho ya watu wote, kutoka mguu hadi mguu, kutoka pumzi ya mtu mmoja hadi nafasi ya mwingine, na hakuna aliyeliona mpaka lilipomfikia mtu wa mwisho. Kisha sote tukamnyooshea kidole huyo wa mwisho. Nilikuwa nimeutazama mchezo huu maisha yangu yote, na kumbe ulikuwa mkubwa namna hii.

Halafu nikajiuliza. Ile fainali yetu, mtu angeirudisha nyuma, ingefika wapi?

Haikuwa na kamera. Aliyeijua alikuwa mtu mmoja.

Jumamosi Anjela alinipeleka Minto. Otieno ndiye aliyenielekeza, akasema Bahati sasa anaendesha lori la makontena kule Port Botany, ana mke na watoto, na Jumamosi asubuhi anafundisha timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na mbili. Anafundisha! Njiani Anjela akaniuliza mara moja tu, "Utamwambia nini?" Nikasema sijui.

Nilimkuta pembeni ya uwanja, kifua kimepanuka, ndevu zina mvi mbili tatu, filimbi shingoni. Mechi ilikuwa bado kuanza. Aliponiona alitoa kofia.

"Kocha."

"Bahati."

"Umezeeka, Kocha."

"Na wewe umenenepa."

Akacheka kidogo, akanivutia kiti cha kukunja. Nikakaa. Nikamwambia kuhusu ile mechi, jinsi nilivyorudisha nyuma mara nne, hadi dakika ya tisa. Akawa anatikisa kichwa polepole. Kisha nikamwuliza nililokuwa nimekuja nalo. "Siku ile ya fainali. Kwa nini ulirudi?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jina langu mwenyewe.

"Kocha, ulinituma."

"Mimi?"

"Ulisema 'Nyuma! Nyuma!' Mara mbili. Nikarudi."

"Nilikuwa nakuonya! Kulikuwa na mtu mgongoni kwako."

"Kwetu Uvira, mtu akikuja mugongoni, kocha anasema 'dos'. Kifaransa. 'Nyuma' ni kurudia." Akaonyesha kwa kiganja, akikirudisha kifuani. "Nilikuwa nimemuona ule mtu. Nilijua ameotea. Lakini kocha wangu amesema nyuma. Ningefanya nini?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile nilijisifu kwamba Kiswahili ndicho kilichoiunganisha timu yangu, Wakongo na Wakenya na sisi, kwamba hatuhitaji Kiingereza cha mtu. Sikuwahi hata siku moja kukaa nao na kuulizana: neno hili kwako ni nini? Tuliona maneno ni yale yale, tukadhani na maana ni ile ile. Beki wangu mwenye nidhamu kuliko wote alivunja mtego kwa sababu alikuwa na nidhamu. Alinitii. Na mimi nikamvua nguo mbele ya baba yake kwa kunitii.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mbele ya papa? Nimwambie mukubwa amekosa?" Akainua mabega. "Wewe ulikuwa kocha."

"Na yale majaribio?"

Aliwatazama wasichana wake wakipasha misuli. "Sijui, Kocha. Pengine wangenikatala siku ya kwanza tu. Lakini nilitaka wao ndio wanikatale."

Nilimwambia, "Nisamehe, Bahati." Akasema alinikasirikia miaka minne, halafu akapata leseni ya lori kubwa akakosa muda. Alikuwa anatania, ila si yote. Nikaona kwamba msamaha wa watu wawili pembeni ya uwanja hautoshi, kwa sababu lile neno sikulisema tukiwa watu wawili tu. Nikatoa simu, nikafungua kundi, nikabonyeza sauti, naye akiwa amesimama pale pale.

"Hapa ni Kocha Festo. Jumatano niliwaambia beki wa kulia ndiye aliyewafungisha weupe. Nilikosea. Na miaka kumi na sita iliyopita nilisema mbele yenu wote kwamba Bahati ndiye aliyetufungisha kwenye fainali. Nilikosea vibaya zaidi. Alirudi nyuma kwa sababu mimi nilimwambia nyuma. Bao lile ni langu. Mliokuwepo chumbani, waambieni na wale wasiokuwepo humu. Baba yake nitamwendea mwenyewe."

Otieno alijibu kabla simu haijarudi mfukoni. Safari hii hakuweka kicheko. "Nimeskia, Kocha. Bahati, ndugu yangu, pole sana. Sisi wote tulinyamaza."

Bahati aliusoma ujumbe huo, akaurudia. Akafuta uso kwa kofia, akapuliza filimbi, akawapanga wasichana wake. Kisha akanirudia, akashika mgongo wa kile kiti cha kukunja.

"Simama kidogo, Kocha." Nikasimama. Akakizungusha kiti, kikaangalia maegesho ya magari. "Geuka. Upe uwanja mgongo. Si ndivyo ulitufundisha?"

Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na magari na miti tu. Mechi ikaanza nyuma yangu.

Mwanzoni nilisikia viatu na ndege. Halafu sauti nyembamba, ya kitoto, ikapasuka upande wa kulia: "Mtu!" Nikadhani masikio yananidanganya. Ikaja tena, kutoka kwa mwingine: "Mtu, mtu!" Kisha ya katikati, sauti ya kuamuru, ya mtoto mwenye mapafu makubwa: "Shuka! Shuka!" Nikasikia miguu minane ya mabeki wanne ikirudi pamoja, kwa kipimo kimoja, kama imefungwa ukanda.

"Ni watoto wetu hao?" nikamwuliza bila kugeuka.

"Wetu ni wawili tu. Huyu wa 'shuka' ni Msamoa. Ule mwingine wazazi wake wanatoka Lebanoni. Wengine ni wa hapa hapa." Akasogea karibu. "Maneno mawili, Kocha. Kama kuna mutu mugongoni, ni 'mtu'. Kama ni kurudia, ni 'shuka'. 'Nyuma' hapa kwangu hakuna. Nimeipiga marufuku."

Watoto ambao hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji walikuwa wanaitana kwa Kiswahili uwanjani Minto, na walikuwa wanaelewana kuliko nilivyowahi kuelewana na watu wangu. Lile bao langu nalo lilikuwa limetembea miaka kumi na sita, kumbe, na hapa ndipo lilipokuwa limefika.

Anjela alikuja kuniuliza kama nataka kugeuka, jua linanichoma usoni. Nikamwambia aniache. Nilikaa vile mpaka filimbi ya mwisho. Sikuona hata pasi moja, na hakuna mechi niliyowahi kuiona vizuri kama ile.